Jabal Akhdar au milima ya Dhofar: upande upi, mwezi gani, na urudi na nini

Anayefika Maskati akiwa na siku nne au tano za kupumzika mlimani hutajiwa majina mawili na karibu kila atakayemuuliza: Jabal Akhdar, ulio mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kuelekea bara, na milima ya Dhofar, iliyo nyuma ya mji wa Salalah, kusini kabisa mwa Omani. Kutoka Maskati hadi Salalah ni takriban kilomita 1,000, nyingi zikiwa za jangwa tupu la changarawe, kwa hiyo kuzitembelea sehemu zote mbili kwa barabara katika safari fupi ni kujichosha na kuonja kila kitu juu juu. Inabidi kuchagua. Nami nimeishi Maskati miaka mingi nikipokea jamaa kutoka Unguja, Tanga na Dar es Salaam, na nimeona kwamba jibu linalotolewa kwa kawaida, yaani "nenda Salalah, kuna kijani", huwapeleka baadhi ya wageni wetu mahali ambapo hawakupahitaji.

Jibu hilo linamfaa sana mtu aliyekulia Maskati, Dubai au Riyadh, ambaye kwake mvua ya manyunyu ni jambo la kupigiwa simu na kusimuliwa. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki lina walakini. Shangazi yangu wa Tanga alipokuja mwezi wa Agosti nilimpeleka Salalah moja kwa moja, tukasimama kwenye vibanda vya matunda vilivyo kando ya mashamba, muuzaji akamkatia dafu na kumwekea chane ya ndizi ndogo, manyunyu yakidondoka kutoka kwenye makuti ya paa. Alilinywa dafu lote, akaitazama minazi, migomba na mipapai iliyotuzunguka, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, mbona kama sijaondoka Pangani?" Hakuwa analalamika, na siku ile ile baadaye Dhofar ilimpa kitu kingine ambacho hajakisahau mpaka leo, lakini swali lake lilinifunza kwamba kabla ya kulinganisha milima yenyewe ni lazima kwanza kujua mgeni anatoka wapi.

Maji ya falaji na maji ya kusi

Tofauti zote kati ya milima hii miwili, kuanzia mazao hadi msimu wa kwenda, hutokana na jinsi kila mmoja unavyopata maji yake.

Jabal Akhdar ni sehemu ya safu ya Al Hajar, iliyoinuka kama ukuta kati ya pwani ya Batina na bara. Jina lake maana yake ni mlima wa kijani, na mgeni anayeutazama kutoka chini hushangaa, kwa sababu anachokiona ni mawe ya chokaa ya rangi ya kijivu na hudhurungi. Kijani kimejificha juu. Uwanda wa Sayq uko kwenye kimo cha takriban mita 2,000, na katika safu hiyo hiyo, upande wa magharibi, kuna Jabal Shams, kilele kirefu kuliko vyote Omani, chenye zaidi ya mita 3,000. Mvua inayonyesha huko ni wastani wa milimita 300 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Lushoto asingethubutu kupandia chochote. Wakulima wa mlimani wamejenga uchumi mzima juu ya kiasi hicho: maji ya chemchemi huelekezwa kwenye falaji, yaani mifereji ya mawe, hujaza birika, kisha hugawanywa kwa zamu, kila shamba na muda wake, yakishuka kutoka tuta la juu hadi la chini. Katika vijiji vya Al Ayn, Al Aqr na Ash Shurayjah, vilivyojengwa kwenye ukingo wa korongo, matuta hayo yamepangwa kama ngazi, mengine yakiwa membamba kiasi kwamba mtu akilala chali miguu inaning'inia. Anayetaka kuelewa falaji vizuri asimame kwanza Birkat al Mawz, kijiji kilicho chini pale barabara ya mlimani inapoanzia, kwa sababu Falaj al Khatmayn unaopita hapo ni mmoja kati ya mitano iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Hapo pia ndipo mtu huiaga mitende, kwani juu baridi huizuia kustawi.

Milima ya Dhofar haina kimo hicho wala haihitaji ufundi huo. Imegawanyika sehemu tatu, Jabal al Qamar magharibi, Jabal al Qara katikati na Jabal Samhan mashariki, na yote imeipa bahari uso. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi karibu tarehe 21 Septemba, upepo wa kusini-magharibi huvuma sambamba na pwani, huyasukuma maji ya juu ya bahari mbali na ufuo, na maji baridi ya kina huibuka kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu inayopita juu ya maji hayo hupoa, hugeuka ukungu, hugonga milima na kukaa hapo miezi mitatu. Waarabu wa huko huuita msimu huo kharif. Msomaji wa pwani anaujua upepo wenyewe kwa jina lingine, kwa sababu ni kusi, ule ule uliokuwa ukiyapeleka majahazi kutoka Lamu na Unguja hadi Uarabuni kila kaskazi ilipokwisha. Manahodha walikuwa wakiondoka mwanzoni mwake au kusubiri mwishoni, kwani katikati bahari ya Dhofar huchafuka mno.

Miti ya mteremko wa Dhofar huunasa ukungu huo kwa majani yake na kuudondosha chini tone kwa tone, kwa hiyo ardhi iliyo chini ya mti hupata maji mengi kuliko ile iliyo wazi. Lakini ukungu una mpaka, na mpaka huo unaonekana kwa macho. Ukipanda kutoka Salalah kuelekea kaskazini mwezi wa Agosti, unaendesha gari ukiwa umewasha taa mchana, ng'ombe wakitokeza ghafla kando ya barabara, kisha ukishavuka mgongo wa mlima, ndani ya kilomita chache tu, ukungu unakatika, jua linakuwaka usoni na majani yanakwisha. Upande huo mkavu ndipo unapoota mti uliolipa jimbo hili jina lake duniani.

Waridi na ubani

Kwa kuwa wageni wengi hutaka kurudi nyumbani na kitu cha kunukia, nitakaa zaidi hapa, maana kila mlima una harufu yake na hazifanani hata kidogo.

Jabal Akhdar ni mlima wa mawaridi. Ni waridi la Damaski, dogo, la rangi ya waridi hafifu, linalochanua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mapema Mei, na huchumwa alfajiri kabla jua halijaamka, kwa sababu joto hupunguza harufu. Maua hupikwa nyumbani katika tanuri la udongo linaloitwa duhjani. Nimewahi kukaa kando ya tanuri hilo asubuhi nzima: mzee alijaza petali katika chungu kilichozama ndani ya tanuri, akaweka chombo kidogo cha shaba katikati yake, kisha akafunika mdomo wa chungu kwa bakuli la shaba lililojaa maji baridi. Mvuke unaopanda hugonga kitako cha bakuli, hupoa na kudondoka ndani ya kile chombo kidogo. Maji ya bakuli yakipata moto huyamwaga na kutia mengine, na chumba kizima, kuta zikiwa nyeusi kwa masizi, hunuka waridi na moshi kwa pamoja. Marashi yanayotoka hukaa wiki kadhaa kwenye mtungi ili mashapo yatulie kabla ya kutiwa chupani.

Mnunuzi atakutana na marashi ya aina mbili, na ni vizuri ajue tofauti kabla hajatoa pesa. Yale ya tanuri la udongo yana rangi ya chai hafifu na harufu ya moshi, nayo ndiyo yanayopendwa kwenye halua na kahawa. Yale ya mitambo ya kisasa ya chuma ni maangavu kama maji ya kunywa na harufu yake ni ya ua peke yake, kwa hiyo yanafaa zaidi kujipaka au kujaza mrashi wa harusini. Nimeona watu wakikataa chupa ya kahawia wakidhani imeharibika, kumbe ndiyo iliyopikwa kwa njia ya zamani.

Dhofar ni nchi ya ubani, na hapa ndipo nilipouteka moyo wa shangazi yangu. Mwanamke huyu amefukiza ubani tangu utotoni, arusini na matangani, lakini hakuwahi kuuona mti wake. Tulikwenda Wadi Dawkah, kama kilomita 40 kaskazini mwa Salalah, hifadhi ambayo pamoja na magofu ya kale ya Shisr, Khor Rori na Al Baleed iliandikishwa na UNESCO mwaka 2000, na leo hujulikana kama Nchi ya Ubani. Mti wenyewe si wa kutisha: ni mfupi, mara nyingi hutoa matawi tangu chini, gome lake hubanduka kama karatasi, na husimama kwenye mawe makavu. Mvunaji huutia kovu kwa chombo kidogo kiitwacho manqaf, hukwangua gome bila kuuzamisha mno, na utomvu mweupe kama maziwa hutoka na kugandia hapo. Mkato wa kwanza haufai kuuzwa, wa pili ni hafifu, na kuanzia wa tatu ndipo hupatikana ubani wa biashara, kukiwa na wiki mbili hivi kati ya mkato na mkato. Shangazi aligusa tone lililokuwa bado laini, likamgandia kidoleni, akalinusa njia nzima mpaka hotelini.

Sokoni Salalah ubani hupangwa kwa madaraja, na daraja la juu ni hojari, unaotoka upande wa mashariki wa ndani, nyuma ya Jabal Samhan. Kinachotazamwa ni rangi na usafi. Shika punje uielekeze kwenye mwanga: iliyo bora ni nyeupe au yenye ukijani mdogo na hupitisha nuru kidogo, haina vipande vya magome, na ukiikwaruza kwa ukucha hutoa harufu inayokaribia ndimu. Iliyo nyekundu au ya kahawia nzito ni ya chini, ingawa kwa kufukiza nguo za kila siku inatosha kabisa na hakuna haja ya kulipia hojari kwa kazi hiyo. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa kuweka punje moja kwenye chetezo mbele yako, na kama anasita, sogea duka la pili.

Kati ya hizi mbili, ubani ndio zawadi rahisi ya kusafiri nayo, kwani hauvuji, hauharibiki kwa miaka na huenea mfukoni. Marashi huhitaji kufungwa vizuri na kuwekwa kwenye mzigo mkubwa, maana hayaruhusiwi kupita na begi la mkononi yakizidi mililita 100.

Vya kula

Kwa matunda ya miti, nasema wazi kwamba Jabal Akhdar unashinda, hasa kwa mgeni anayetoka nchi za joto. Miti kama jozi, aprikoti, pichi na plamu haizai vizuri bila kupata saa nyingi za baridi wakati wa kipupwe, na Sayq huipatia, kwani kuna usiku wa Januari ambapo maji huganda. Tini na zabibu zipo pia, na kitunguu saumu cha matuta hayo kina ukali wake. Jozi za Wadi Bani Habib, bonde lenye kijiji cha zamani kilichohamwa upande mmoja na mashamba yaliyo hai chini yake, huokotwa mwishoni mwa kiangazi.

Lakini mfalme wa mlima ni komamanga. Jina lake kwa Kiswahili lina Manga ndani yake, jina ambalo watu wa pwani waliiita Uarabuni na hasa Omani, kama ilivyo katika pilipili manga, na anayelila pale linapotoka anaelewa kwa nini lilistahili kutajwa kwa nchi yake. Huiva kuanzia Agosti hadi Oktoba. La Jabal Akhdar si lazima liwe jekundu kwa nje, na wengi huacha mazuri kwa sababu hiyo. Lipime kwa uzito: likiwa zito kuliko ukubwa wake na ganda limekakamaa na kuwa na pembe pembe kidogo, punje zimejaa maji. Bei yake ni ya juu kuliko ya makomamanga yanayoletwa kutoka nje, na wachuuzi wengine wa barabarani huchanganya, kwa hiyo ni salama kununua kwa mkulima mwenyewe kijijini. Mvua ikipungua mfululizo, matuta ya chini hukosa zamu ya maji na miti hukauka ikiwa imesimama. Jambo hili linaniuma kila ninapopanda, na ndilo linalonifanya nisione ubaya kulipa zaidi kwa tunda lililomwagiliwa kwa falaji.

Madafu, ndizi, mapapai na miwa ya Salalah ni vizuri, ila hayamtoi Unguja mtu aliyezaliwa nayo. Dhofar inajivunia nyama na maziwa. Ni moja ya sehemu chache katika Rasi ya Uarabuni ambako watu wamefuga ng'ombe kwa wingi tangu zamani kwa nyasi za mlimani, sambamba na ngamia na mbuzi. Jioni wakati wa kharif, kando ya barabara za mlimani, nyama hupikwa kwa njia iitwayo madhbi: mawe ya mviringo hupangwa juu ya makaa mpaka yapate moto, kisha nyama hutandazwa juu ya mawe yenyewe na mafuta yake ndiyo yanayoikaanga. Pembeni huuzwa mishkak, na hakuna haja ya kumfafanulia jina hilo mla mishikaki. Kwa upande wa mji wa Nizwa, chini ya Jabal Akhdar, nyama huonekana ikiwa bado hai, katika mnada wa mbuzi wa Ijumaa asubuhi, ambapo wauzaji huzungusha mbuzi wao mbele ya wanunuzi waliokaa duara.

Asali hupatikana kote kuwili na ni ghali kote kuwili. Ile ya mkunazi ndiyo inayotafutwa zaidi, na asiyemjua muuzaji ni afadhali asinunue.

Njia, gharama na watu

Jabal Akhdar uko karibu lakini una lango. Kuna kituo cha polisi pale barabara inapoanza kupanda, na gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupita, hata kama barabara ni ya lami tangu chini hadi juu. Sababu ni mteremko mkali, ambao breki za gari dogo hushindwa kuuhimili wakati wa kushuka. Anayekodi gari akiwa Maskati akumbuke jambo hili kabla ya kutia saini. Salalah ni mbali, lakini ndege kutoka Maskati huchukua kama saa moja na nusu, na ukishafika gari la kawaida hutosha kwa sehemu kubwa ya vivutio. Katika kharif vyumba hupanda bei na kujaa, kwa sababu nusu ya Ghuba huhamia huko kukimbia joto, na foleni za magari katika Wadi Darbat, bonde linalopendwa na wageni, siku za wikendi huweza kukula mchana mzima.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna jambo moja zaidi. Familia nyingi za Omani ya ndani zilihamia Afrika Mashariki vizazi vilivyopita, na baadhi zilirejea baada ya 1964 na kwa wingi zaidi kuanzia miaka ya 1970, kwa hiyo katika soko la Nizwa si ajabu kumwamkia mzee kwa Kiarabu cha kubabaisha naye akakujibu kwa Kiswahili cha Unguja. Milimani Dhofar utasikia lugha nyingine kabisa, Kijibali, ambayo ni ya jamii ya Kisemiti ya kusini mwa Uarabuni na si lahaja ya Kiarabu. Mgeni mzee asiyejua Kiarabu, na ambaye furaha yake ni kuongea na watu, ninamshauri Nizwa na Jabal Akhdar bila kusita.

Kwa hiyo anayekuja Aprili apande Jabal Akhdar, kwani Dhofar wakati huo ni kavu na mlima haujavaa. Anayekuja Julai au Agosti kutoka pwani yetu, naye ana siku chache, bado ninamwelekeza Jabal Akhdar, ambako joto la mchana huwa chini ya la Maskati kwa nyuzi 10 hadi 15, isipokuwa kama ubani ndio uliomleta. Lakini anayetoka Ghuba aende Salalah na awahi kuweka nafasi. Desemba na Januari huwafaa wanaotaka kutembea kwa miguu kwenye korongo za Sayq wakiwa na makoti.

Na mwenye uhuru wa kuchagua tarehe, pamoja na uwezo wa kulipia ndege ya ndani, aje wiki ya mwisho ya Septemba, kwani ndipo milima yote miwili huwa tayari kwa wakati mmoja. Ukungu wa Dhofar umeshaondoka, anga ni safi, nyasi bado ni mbichi, na wageni wa kharif wamerudi kwao. Msimu huo wenyeji huuita sarb. Aanze huko, anunue ubani wake, kisha arudi kaskazini na kupanda Jabal Akhdar mwishoni mwa safari, kwa sababu komamanga lililochumwa halipendi kuzungushwa kwenye buti la gari siku tano, na nchi nyingi hazipokei matunda mabichi bila cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo ni vizuri kuyala yote huko huko juu, kwenye ukingo wa tuta, huku marashi yaliyopikwa Aprili yakimsubiri dukani, yakiwa yameshatulia.